Ala ya kioo: ilizaliwa, ikafa, ikafufuka

Usiku wa tarehe 29 Aprili mwaka 2006, katika tamasha la Coachella kwenye jangwa la California nchini Marekani, umati mkubwa ulisongamana ndani ya hema kutazama piramidi. Haikuwa piramidi ya mawe kama zile za Misri, bali ya vyuma na taa, na juu yake, ndani ya uwazi uliofanana na dirisha, walisimama watu wawili waliovaa kofia za roboti zilizoficha nyuso zao. Walikuwa Thomas Bangalter na Guy-Manuel de Homem-Christo, Wafaransa waliojulikana duniani kwa jina la Daft Punk. Muziki ulirindima na miale ikapasua giza. Nyuso hazikuonekana, na mikono, ambayo ndiyo humtambulisha mpiga ala, nayo haikuonekana.

Swali ambalo maonyesho ya namna hiyo huzusha ni la siku nyingi: je, wanapiga, au wamewasha tu mtambo ukajipigia wenyewe? Wasikilizaji wa Kiswahili hawahitaji kufafanuliwa. Aliyelipa kiingilio Dar es Salaam au Nairobi, akamkuta mwimbaji ampendaye anafumbua na kufumba mdomo juu ya sauti iliyokwisha kurekodiwa studio, analifahamu vyema swali hilo, na amelifahamu kwa uchungu wa mfukoni.

Pamoja na vinanda vya umeme na vidhibiti vya kawaida vyenye vifundo vya kuzungusha, katika maonyesho yao ya mwaka 2006 na 2007 Daft Punk walikuwa na chombo ambacho wakati huo watu wachache walikuwa wamekiona. Kilikuwa kioo bapa chenye upana wa inchi 12 kutoka pembe hadi pembe, kisicho na kifundo hata kimoja juu yake. Kiliitwa Lemur, jina la mnyama wa Madagaska mwenye macho makubwa, na kilitengenezwa na kampuni ya JazzMutant ya mjini Bordeaux, Ufaransa. Maisha ya chombo hicho, mpenzi msikilizaji, yana mengi ya kumweleza yeyote anayetaka kujua nini humpata mwanamuziki pale ala yake inapogeuka kuwa programu ya kompyuta.

Kwanza yafaa kuondoa kosa moja ambalo huwachanganya wengi. Kioo cha aina hii hakitoi sauti. Hakina nyuzi, hakina ngozi, hakina mdomo wa kupulizia. Kazi yake ni kupeleka habari: kidole kimetua hapa, sasa kimesogea pale, sasa kimeondoka. Habari hizo huifikia kompyuta, na ni kompyuta iliyobeba midundo, sauti za vinanda na vipande vya nyimbo. Kwa lugha ya mabaharia, kioo ni usukani, na kompyuta ndiyo jahazi lenyewe.

Lugha ambayo vyombo vya muziki hutumia kupelekeana habari hizo ilizinduliwa mwaka 1983, nayo ni MIDI. Waliokuwa mstari wa mbele kuiasisi ni Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Japani, mwasisi wa kampuni ya Roland, na wote wawili walitunukiwa tuzo ya Grammy ya ufundi mwaka 2013. MIDI ilikuwa baraka kubwa, kwani kabla yake kinanda cha kampuni moja kilikuwa hakielewani na cha kampuni nyingine. Hata hivyo ilikuwa na mipaka yake. Katika matumizi yake ya kawaida, kitu kinachoongezwa au kupunguzwa, tuseme ukubwa wa sauti, hupewa ngazi 128 tu, kuanzia 0 hadi 127. Ni sawa na kupanda ghorofani kwa ngazi badala ya kupanda mwinuko laini: ukienda taratibu, sikio linaweza kuhisi kila kidato.

Mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, wakiwemo Matthew Wright na Adrian Freed, walitoa lugha nyingine inayoitwa Open Sound Control, au kwa kifupi OSC. Hiyo husafiri juu ya mitandao ile ile inayounganisha kompyuta, na huweza kubeba namba zenye desimali, hivyo ule mwinuko laini ukawezekana. Aidha, mtumiaji anaweza kukipa kila kitu jina alitakalo mwenyewe.

Wakati huo huo kompyuta za mapajani zilikuwa zimepata nguvu ya kutosha kubebeshwa onyesho zima. Programu ya Ableton Live, iliyotoka mwaka 2001 mjini Berlin, iliundwa makusudi kwa ajili ya jukwaa: mwanamuziki aliweza kuita kipande hiki, kukizima kile, na kubadili mwendo bila muziki kusimama. Tatizo lilikuwa kipanya. Kipanya kina mshale mmoja, na mshale mmoja hufanya jambo moja kwa wakati mmoja. Mtu mwenye vidole kumi alijikuta na kidole kimoja. Kwa upande wa watazamaji hali ilikuwa mbaya zaidi, maana walichokiona ni mtu aliyeinamia kompyuta, uso ukimulikwa rangi ya samawati, na hakuna ambaye angeweza kuapa kwamba hasomi barua zake.

Hapo ndipo vijana wa Bordeaux walipoingia. JazzMutant iliasisiwa mwaka 2002, na katikati ya muongo ule Lemur ikaingia sokoni, ikiwa miongoni mwa bidhaa za kwanza kabisa duniani zenye skrini inayotambua vidole vingi kwa pamoja. Ikumbukwe kwamba simu ya iPhone ilikuwa bado haijaonekana. Ilitoka Juni mwaka 2007. Lemur ilizungumza OSC na kuunganishwa na kompyuta kwa waya wa mtandao. Bei yake ilizidi dola 2,000 za Marekani, kwa hiyo haikuwa chombo cha kijana wa mtaani. Ilinunuliwa na wenye majina, kama DJ Richie Hawtin, na pia vyuo na studio.

Kilichowavutia watu hao hakikuwa kioo chenyewe. Kilikuwa ni uwezo wa kuchora ala. Mnunuzi alipewa pia programu ya kuandalia, na ndani yake mlikuwa na vitu kadhaa vya kupanga juu ya skrini: vitelezi, yaani vile vijiti vya kusukumwa juu na chini kama vilivyomo kwenye mikisa ya fundi mitambo, vifundo, vitufe, na uwanja wa mraba ambamo kidole kimoja huongoza mambo mawili kwa mpigo, kulia na kushoto jambo moja, juu na chini jambo jingine. Mwanamuziki aliamua mwenyewe kitelezi kiwe kirefu kiasi gani, kiwe na rangi gani, na kiongoze nini. Aliyehitaji vitelezi vitatu tu aliweka vitatu, vikubwa vya kutosha kushikika gizani. Aliyehitaji arobaini alivigawa katika kurasa, kama mtu anayefunua kitabu.

Kulikuwa na jambo la ajabu zaidi. Vitu hivyo vilipewa tabia ya maumbile. Katika uwanja mmoja viliwekwa vitone vya duara, na mwanamuziki aliweza kukirusha kitone kwa kidole kisha akakiacha. Kikaendelea kuteleza, kikagonga ukingo, kikarudi, kikapungua mwendo taratibu kulingana na kiwango cha msuguano alichokichagua. Kila kitone kilipokuwa kikisogea, sauti iliyofungwa nacho ilibadilika pamoja nacho. Sauti ikawa inapepea yenyewe kama pia iliyozungushwa na mtoto, na vidole vikapata nafasi ya kushughulikia kitu kingine. Hakuna ala ya mbao au ya shaba inayoweza kufanya hivyo, na ni haki kusema kwamba hapo kioo kilileta kitu kipya kweli, badala ya kuigiza vifundo vya zamani kwa picha.

Faida nyingine inawahusu zaidi wasikilizaji wa Unguja, wa pwani na wa Ghuba. Kinanda cha kawaida hugawa oktavu katika sauti 12, basi. Mtu aliyekulia katika taarabu ya Ikhwani Safaa, kikundi kilichoasisiwa Unguja mwaka 1905, au katika muziki wa udi wa Maskati, anajua kwamba baadhi ya sauti tamu kuliko zote hukaa katikati ya vitufe viwili vya kinanda, mahali ambapo kinanda hakina la kusema. Mpiga kanuni huzifikia kwa kuinua na kushusha vibati vidogo vilivyo kando ya nyuzi; mpiga fidla huzifikia kwa kutelezesha kidole. Kioo hakina vitufe vya kudumu, hivyo kidole kinaweza kusimama popote. Mwanamuziki wa Kihindi Mahesh Raghvan amejipatia umaarufu kwa kupiga muziki wa kale wa India ya Kusini juu ya iPad, muziki ambao bila mitelezo na mitetemo ya sauti hauna maana, na anaupiga kwa programu ya GeoShred, ambayo tofauti na Lemur hutoa sauti yenyewe. Kwa muziki wa aina hiyo, kioo kimekaribia zaidi ala za kale kuliko kinanda kilivyowahi kukaribia.

Lakini kioo kina deni lake, na deni hilo hudaiwa jukwaani.

Mpiga gitaa hatazami nyuzi. Mpiga ngoma anaweza kufumba macho tangu mwanzo hadi mwisho wa wimbo. Vidole vyao vinajua viko wapi kwa sababu vinagusa kitu chenye umbo: waya mwembamba, ukingo wa ngozi, pengo kati ya kitufe na kitufe. Kioo ni laini kote. Kitelezi cha kwanza na cha nane vina mguso ule ule, na kidole kikikosea kwa upana wa ukucha, hakuna kitu kinachokiambia kuwa kimekosea mpaka sauti mbaya itoke kwenye spika mbele ya watu. Matokeo yake ni kwamba kioo hupigwa kwa macho. Mwanamuziki aliyetaka kuuacha mshale wa kipanya ili awatazame watu wake anajikuta bado ameinamisha kichwa. Baadhi walianza kubandika vipande vya mpira au gundi ya karatasi juu ya kioo ili vidole vipate alama, na baadaye wakatokea watengenezaji waliouza vifundo vya kubandika juu ya skrini. Yaani baada ya kazi yote ya kuviondoa vifundo, watu walirudi kuvinunua upya.

Jambo la pili ni muda. Mwaka 2002, David Wessel na Matthew Wright wa Berkeley walichapisha makala kuhusu ala za kompyuta ambayo hadi leo hurejewa sana na watafiti. Walitaka ala ambayo anayeanza aweze kuipiga siku ile ile, na bingwa asifike mwisho wake. Kuhusu muda walikuwa wakali: kati ya mkono kutenda na sauti kusikika, pasipite zaidi ya milisekunde 10, na kubwa zaidi, muda huo usiyumbeyumbe kwa zaidi ya milisekunde 1. Milisekunde 10 ni muda ambao sauti hutumia kusafiri hewani kiasi cha mita tatu na nusu, kama umbali kati ya mtu na ngoma iliyo upande wa pili wa chumba. Mwanadamu anaweza kuuzoea ucheleweshaji mdogo ulio sawa wakati wote. Asichoweza kukizoea ni ucheleweshaji unaobadilika, kwani mkono haujui uwahi kiasi gani.

Lemur ya awali ilitumia waya, na waya ni mwaminifu. Vioo vilivyofuata viliingia katika mtandao usio na waya, na hapo ndipo matatizo yalipozaliwa. Mchana, wakati wa kujaribu mitambo, ukumbi ni mtupu na kila kitu huenda sawa. Usiku huingia watu elfu mbili, kila mmoja na simu yake mfukoni inayotafuta mtandao, na hewa ile ile inayobeba ujumbe wa mwanamuziki hujaa makelele. Ujumbe huchelewa, kisha hufika kumi kwa pamoja. Kwa sababu hiyo wenye uzoefu huja na ruta yao wenyewe, hawautumii mtandao wa ukumbi hata wakipewa bure, huiweka ruta hiyo karibu nao jukwaani, na pale inapowezekana hurudi kwenye waya. Huzima pia simu na ujumbe wa kila aina ndani ya kifaa, huzuia skrini isijizime, na huweka kando kidhibiti kidogo chenye vifundo halisi, ili kioo kikigoma, angalau mdundo usikatike.

Kwa wanaofanya maonyesho ya nje katika nchi za joto kuna jambo la ziada ambalo vitabu vya Ulaya hulipita haraka. Kampuni ya Apple inaeleza kwamba iPad imeundwa kutumika katika joto la kati ya nyuzi 0 na 35 za Selsiasi. Maskati mwezi wa Juni huvuka kiwango hicho kwa urahisi, na chini ya jua hata Mombasa kifaa chenye umbo bapa hunasa joto mithili ya bati. Kikizidiwa, hupunguza mwanga wa skrini, na mwishoe hutoa onyo na kukataa kazi mpaka kipoe. Jasho nalo si rafiki. Skrini ya Lemur ya kwanza ilihisi mkandamizo, ilhali skrini za simu na iPad huhisi umeme mdogo wa ngozi, na tone la jasho linaweza kuzipotosha zikadhani ni kidole.

Tukirudi kwenye lile swali la mikono, yupo msanii aliyelijibu kwa njia iliyo kinyume kabisa na ya Daft Punk. Björk wa Iceland, katika ziara yake iliyoanza mwaka 2007 baada ya kutoa albamu ya Volta, alipanda jukwaani na Lemur, na pamoja nayo meza ya duara inayong'aa iitwayo Reactable, iliyobuniwa na Sergi Jordà na wenzake katika Chuo Kikuu cha Pompeu Fabra mjini Barcelona. Katika meza hiyo mpigaji huweka vipande vya plastiki, huvizungusha na kuvisogeza, na mistari ya mwanga huonyesha sauti ikipita kutoka kipande kimoja kwenda kingine. Kamera ziliwekwa juu ya vyombo hivyo, na picha zikaonyeshwa kwenye skrini za jukwaani, hivyo mtazamaji aliyesimama mbali aliona kidole kikienda na sauti ikifuata. Suluhisho hilo ni jepesi mno, na inashangaza kwamba wengi hawalitumii hadi leo. Hoja kwamba muziki wa elektroniki hauna cha kutazama si ya kweli. Mara nyingi kipo, ila kimegeuziwa mgongo.

Daft Punk, kwa upande wao, waliacha sauti iseme. Onyesho lao la tarehe 14 Juni mwaka 2007 katika ukumbi wa Bercy mjini Paris lilirekodiwa na kutolewa kama albamu ya Alive 2007, iliyoshinda Grammy mwaka 2009. Nyimbo zao za miaka tofauti zimesukwa moja ndani ya nyingine katika rekodi hiyo, na ni vigumu kuisikiliza na kuamini kuwa hakuna mtu aliyefikiri. Ni kweli pia kwamba mengi yaliandaliwa mapema. Yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja, na ubishi wa mashabiki huharibika pale kila upande unapotaka moja tu.

Wakati huo, hata hivyo, kifo cha Lemur kilikuwa kimekwisha kupandwa. Mwaka 2008 ilitokea TouchOSC, programu ya iPhone iliyouzwa kwa dola chache tu, ambayo iliweka vitelezi na vitufe juu ya simu na kuvipeleka kwenye kompyuta kwa ile lugha ya OSC. Simu ilikuwa ndogo, vidole vilibanana, lakini bei ilikuwa ya chakula cha mchana. Mwezi Aprili mwaka 2010 ikatoka iPad, yenye skrini inayokaribia ukubwa wa Lemur, kwa bei isiyofika nusu yake, na juu ya hayo ikisoma barua na kuonyesha filamu. Kampuni ndogo ya Bordeaux haikuwa na silaha ya kupambana na jambo hilo. Mwishoni mwa mwaka huo huo JazzMutant ilitangaza kwamba haitatengeneza tena Lemur.

Kisha ikaja zamu ya ufufuo wa kwanza. Mwezi Desemba mwaka 2011 kampuni ya Liine ya Berlin, ambayo Richie Hawtin alikuwa miongoni mwa waasisi wake, iliitoa Lemur upya, safari hii bila mwili: ilikuwa programu ya iPad yenye bei ya takriban dola 50. Kilichokuwa cha wachache kikawa cha wengi. Watu walichora ala zao kwa mamia na kupeana, na wengine waliandika ndani yake maagizo marefu kiasi kwamba ukurasa mmoja ulifanya kazi ya kompyuta nzima ndogo. Waliotunga muziki wa filamu waliipenda kwa sababu nyingine: kidole kimoja kiliweza kuita safu nzima ya fidla kati ya mamia ya sauti walizokuwa nazo.

Mwaka 2022 Liine ikatangaza kuachana nayo, na Lemur ikatoweka sokoni kwa mara ya pili.

Hapa ndipo mtu asiye mwanamuziki anaweza kuuliza, je, kuna hasara gani? Programu hufa kila siku. Hasara, mpenzi msikilizaji, iko kwenye mikono. Mpigaji aliyeichora ala yake mwaka 2012, akaibadili kila baada ya onyesho, akakisogeza kitufe hiki sentimita moja kwa sababu kidole gumba kilikuwa kikikikosa, huyo kufikia mwaka 2022 alikuwa na miaka kumi ya mazoezi iliyokaa ndani ya mpangilio mmoja. Udi ukivunjika, fundi huutengeneza. Fundi akifa, yupo mwanawe au mwanafunzi wake, na hata asipokuwapo, udi mwingine una nyuzi mahali pale pale. Programu iliyoondolewa sokoni kwa kawaida hubaki ndani ya kifaa cha aliyekwisha kuinunua, lakini siku mfumo wa kifaa utakapobadilishwa, au kifaa kikianguka, hakuna fundi wa kumpelekea. Wapo wanamuziki wanaotunza iPad za zamani ambazo haziunganishwi na intaneti kamwe, haziguswi na toleo jipya lolote, na hazina kazi nyingine ila hiyo moja. Huzifunga kwenye mabegi yao kwa uangalifu ule ule ambao mzee wa taarabu huifunga kanuni yake kwa kitambaa.

Ufufuo wa pili ulitokea mwaka 2023, pale kampuni ya MIDI Kinetics ilipoichukua Lemur na kuirudisha sokoni. TouchOSC nayo ilikuwa imeandikwa upya mwaka 2021, ikitumika katika iPhone, simu za Android na kompyuta za Windows, Mac na Linux. Kwa hiyo, kwa wakati huu, anayetaka ala ya kioo hakosi mahali pa kuipata. Wenye busara, hata hivyo, wamebadili mwenendo. Wanahifadhi michoro yao zaidi ya mahali pamoja, wanaandika kwenye daftari kitelezi kipi kinaongoza nini, na wanazipa sauti zao majina yanayoeleweka katika OSC, ili kioo kikibadilika, upande wa kompyuta ubaki kama ulivyo. Anayepoteza usukani lakini bado ana jahazi anaweza kuchonga usukani mwingine.

Ipo pia njia isiyomtegemea muuzaji hata mmoja. Open Stage Control ni programu huria inayowekwa kwenye kompyuta, na vioo vinavyoiongoza ni kurasa za kawaida za intaneti. Simu yoyote inayoweza kufungua ukurasa wa namna hiyo kwenye mtandao wa chumbani inaweza kuwa kidhibiti. Haihitaji iPad mpya wala kadi ya benki ya kununulia. Simu ya Android yenye ufa pembeni, iliyolala kwenye droo nyumbani Temeke au Ruwi kwa sababu betri yake haikai siku nzima, ikichomekwa kwenye umeme inatosha kabisa, na misimbo ya programu hiyo iko wazi kwa yeyote mwenye ujuzi wa kuitengeneza iwapo waliopo wataiacha.

Anayetaka kuanza hana haja ya vitelezi arobaini. Na aweke kimoja, kirefu, katikati ya skrini, akifunge na sauti moja tu, tuseme ukali wa mdundo wa besi, kisha aupige wimbo mzima kwa hicho kimoja. Baada ya juma moja aongeze cha pili. Siku atakapokuwa na vinne, afumbe macho, ainue mkono juu, aushushe, na asikilize ni kitelezi kipi kimeitika.